Madiira 1 katikati ya nyanya: tathmini ya mbegu ya mchicha kwa anayelima mseto

Pakiti ya mbegu za mboga humweleza mnunuzi jinsi mboga hiyo itakavyokuwa ikiwa peke yake shambani: siku za kuota, nafasi kati ya mstari na mstari, muda wa kuvuna, na picha ya majani mapana ambayo rangi yake imeongezewa kidogo kiwandani. Haisemi lolote kuhusu jinsi mboga hiyo itakavyokaa na jirani. Hilo ni pungufu kubwa katika eneo kama Arumeru, mkoani Arusha, ambako bustani ya mboga mara nyingi ni kipande kidogo kilichobanwa na migomba na kahawa, na ambako mkulima wa nyanya hawezi kutazama ardhi iliyo wazi kati ya mistari yake bila kujiuliza ni kitu gani kingeweza kuota pale wakati nyanya bado changa. Tathmini hii, kwa hiyo, haihusu Madiira 1 kama mchicha tu, bali kama mchicha wa kupandwa katikati ya nyanya, kwenye udongo mweusi wa miteremko ya Meru, kwa maji ya mfereji yanayokuja kwa zamu.

Hukumu yangu naitanguliza, ili asiye na muda asilazimike kusoma hadi mwisho: Madiira 1 ni mbegu nzuri sana kwa mwezi wa kwanza wa maisha ya nyanya shambani, na baada ya mwezi huo ni mzigo, hata kama bado inapendeza macho. Ubora wake wote katika mseto unategemea kama mkulima yuko tayari kuing'oa kwa wakati. Anayetaka mchicha wa kuchumachuma majani kwa miezi miwili huku nyanya zikiendelea kuzaa juu yake asiununue kwa kazi hiyo, na nitaeleza kwa kirefu kwa nini.

Madiira 1 na nduguye Madiira 2 ziliidhinishwa nchini Tanzania mwaka 2011, zikiwa zimetokana na kazi ya kuchagua na kulinganisha mbegu iliyofanywa Tengeru na World Vegetable Center, taasisi ambayo wakulima wengi wa hapa bado wanaiita kwa jina lake la zamani la AVRDC, pamoja na watafiti wa serikali wa mazao ya bustani walio jirani nayo. Huko huko Tengeru ndiko zilikotoka nyanya Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa mwaka 1997. Kwa maneno mengine, mchicha na nyanya ninazozizungumzia zimekulia karibu ua mmoja, na bado sijaona pakiti ya moja inayomtaja mwenzake.

Sifa inayoitofautisha Madiira 1 na mchicha wa kienyeji ni kuchelewa kutoa mashuke. Mchicha wa kienyeji ukipata kiu kwa siku chache, au ukibanwa kidogo, hukimbilia kutoa mbegu ukiwa bado na urefu wa kiganja, majani yanakuwa madogo na shina linakuwa gumu, na mnunuzi akilivunja kwa vidole analisikia. Madiira 1 huvumilia zaidi. Majani yake ni mapana, ya kijani kilichokolea, shina lake hubaki laini hadi wakati wa kung'olewa, na hata pale zamu ya maji ilipochelewa sikuiona ikikimbilia mashuke. Kwa mseto sifa hii ina thamani kuliko kwenye shamba la mchicha mtupu, kwa sababu mchicha ulio kati ya nyanya lazima unyang'anywe maji na kivuli mara kwa mara, na mbegu isiyo na uvumilivu ingekuwa imeshachanua kabla haijafaa kupikwa.

Kuhusu pakiti yenyewe sina lawama, isipokuwa kwa maduka. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, gramu moja ikiwa na mbegu zaidi ya 1,000, kwa hiyo pakiti ndogo inatosha eneo kubwa kuliko mtu anavyodhani anapoishika mkononi. Lakini mbegu ndogo huharibika upesi ikiwekwa vibaya. Duka moja la pembejeo, ambalo sitalitaja, lina desturi ya kuning'iniza pakiti mlangoni zikipigwa na jua la mchana kutwa, na zile nilizonunua hapo ziliota kwa mabaka: hapa kichaka, pale hatua nzima ya udongo mtupu. Pakiti za aina ile ile kutoka duka lenye rafu ya ndani, mbali na dirisha, ziliota sawasawa kabla wiki ya kwanza haijaisha. Kabla ya kulipa ni vizuri mnunuzi aangalie lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, asome tarehe ya kupimwa uotaji na si tarehe ya mwisho tu, na aguse pakiti. Ikiwa ya moto, airudishe.

Kwa kupanda, nafasi niliyoiona inafaa ni mistari ya nyanya kuachana sentimita 90, mche hadi mche sentimita 50, na katikati ya mistari miwili ya nyanya kuwekwa mistari miwili ya mchicha iliyoachana sentimita 20. Hivyo kila mstari wa mchicha unakaa sentimita 35 kutoka kwenye shina la nyanya, umbali unaomwezesha mpaliliaji kupitisha jembe dogo bila kukata mizizi. Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa, kijiko kimoja cha mbegu kwa bakuli la mchanga, na kumwagwa kwenye kifereji chenye kina kisichozidi sentimita moja, kisha kufunikwa kwa udongo mwepesi au mboji. Asiyechanganya na mchanga atajikuta amemwaga nusu ya pakiti kwenye hatua tatu za kwanza. Mchicha hupandwa siku ile ile miche ya nyanya inapohamishwa kutoka kitaluni, si baadaye, kwa sababu kila wiki inayopotea hapa inalipwa mwishoni, wakati ambapo hakuna wiki ya ziada.

Kuna jambo la maji ambalo pakiti hailitaji kabisa. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na yanapokuja huja kwa wingi, jambo linaloifaa nyanya iliyokwisha kushika, kwa kuwa mizizi yake inakwenda chini. Mbegu ya mchicha iliyolala sentimita moja chini ya udongo haina habari na unyevu ulio chini yake. Uso wa udongo ukikauka siku mbili inakufa ikiwa imeshapasuka. Siku za mwanzo, kwa hiyo, ni lazima kumwagilia kwa keni asubuhi na jioni, na kazi hiyo ni nzito kwa eneo linalozidi robo eka. Mwenye mipira ya matone hana tatizo hilo kwenye mstari wa nyanya, lakini matone hayafiki kwenye mstari wa mchicha, hivyo naye atabeba keni kama sisi wengine, au ataongeza mpira wa pili katikati.

Mchicha ukishaota na kufikia majani matatu au manne, upunguzaji wa kwanza wa miche unafanyika kwa vidole: dole gumba na cha shahada vinapita mstarini vikiacha mche mmoja kila upana wa vidole vitatu, na iliyong'olewa inaingia jikoni siku hiyo hiyo. Hii ndiyo mboga laini kuliko zote, na mke wangu hushikilia kwamba haihitaji kitu kingine zaidi ya kitunguu, chumvi na tui jepesi. Kuanzia hapo hadi wiki ya nne Madiira 1 inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Inafunika udongo na kupunguza palizi ya pili karibu nusu ya jasho lake. Inazuia matone ya mvua au ya keni yasirushe udongo kwenye majani ya chini ya nyanya, na hapo ndipo ugonjwa wa bakajani wahi huanzia, kwa sababu vimelea vyake hukaa kwenye mabaki yaliyo ardhini. Na inaleta fedha wakati ambapo nyanya bado inadai tu: inadai mbolea, inadai dawa, inadai vijiti, na hairudishi hata senti.

Sasa nifike kwenye sababu ya kusisitiza mwezi mmoja, kwa kuwa hapa ndipo wauzaji wengi wa mbegu, na washauri wengi wa kilimo mseto, hupita wakikimbia.

Nyanya ya biashara katika eneo hili hupigwa dawa. Mtu anaweza kupenda au kutopenda hilo, lakini tangu kanitangaze aingie nchini mwaka 2014, mdudu ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha baka jeupe lenye vinyesi vyeusi kabla ya kuhamia kwenye tunda, ni wachache wanaofika sokoni na nyanya safi bila kupiga kitu. Ukungu nao una dawa zake, na mankozebu ndiyo inayojulikana zaidi. Sasa kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, ulioandikwa kwenye kibandiko, na muda huo unahusu zao lililotajwa pale. Muda uliowekwa kwa nyanya umewekwa kwa tunda la mviringo, lenye ngozi ya kuteleza na uso mdogo ukilinganisha na uzito wake. Jani la mchicha ni uso mtupu. Dawa ile ile ikirushwa juu ya gramu 100 za nyanya na juu ya gramu 100 za mchicha, si kiasi kile kile kitakachobaki juu yake na kuingia mdomoni. Mkulima anayesema amesubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa anasema kweli kuhusu nyanya, na hajasema chochote kuhusu mchicha ulio chini yake.

Zipo pia dawa zinazopita mizizini. Vitalu vingi humwagia miche ya nyanya imidakloprid, dawa ya wadudu, kabla ya kuiuza, ili kuikinga na nzi weupe wanaoeneza virusi vya kujikunja kwa majani. Mche uliomwagiwa ukiwa kwenye trei unabeba dawa hiyo katika donge dogo la udongo wake. Lakini ikiwa mkulima anaimwaga dawa shambani, shimo baada ya shimo, anaitandaza kwenye udongo ule ule ambao mizizi ya mchicha inanyonya sentimita 35 pembeni. Anayenunua miche kwa ajili ya mseto anapaswa kumuuliza mwenye kitalu waziwazi imemwagiwa nini na lini, na shambani asirudie. Viuatilifu husajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha, na usajili hufuata zao. Hakuna aibu kwenda kuuliza kama dawa fulani imesajiliwa kwa mboga za majani au kwa nyanya peke yake.

Kwa mpangilio huu hesabu ya siku inakuwa rahisi. Nyanya iliyohamishwa leo, kama miche ilikuwa safi na ni kiangazi, inaweza kukaa wiki tatu hadi nne kwa kuangaliwa kwa macho, kuchumwa majani yenye baka na kuwekewa mitego ya feromoni, yaani harufu inayovuta wadudu, bila kupigwa dawa. Madiira 1 inang'olewa kati ya siku ya 21 na ya 28. Mchicha ukishatoka shambani, bomba la kupulizia dawa linaweza kuingia. Kinyume chake, yaani bomba kuingia huku mchicha bado upo, ndicho kinachofanya mseto huu usistahili sifa zake. Na ikitokea kanitangaze amekuja mapema, katika wiki ya pili, mkulima achague: ama apige dawa na kuugeuza mchicha wote kuwa mboji, ama ang'oe mchicha ungali mdogo na kuuza kwa bei ya chini. Njia ya tatu, ya kupiga dawa na kuuza, ipo na wengi wanaijua, lakini siwezi kuiweka katika tathmini ya bidhaa.

Wanunuzi nao wameanza kuwa makini. Wanawake wanaochukua mboga shambani kabla hakujapambazuka, wakang'oa wenyewe na kuosha mizizi kwenye mfereji ili mafungu yafike soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi yakiwa bado na umande, zamani waliuliza bei tu. Safari hii mmoja wao alikaa mkao wa kuchuchumaa, akaligeuza jani akatazama upande wa chini, akalinusa, kisha akanyanyua kichwa kuelekea kwenye nyanya.

“Kaka, hizi nyanya mmezipiga lini?”

“Bado, dada. Tutapiga mkishamaliza kung'oa.”

“Basi na kesho nitakuja na mwenzangu.”

Alinunua mistari yote sita iliyokuwa upande wa juu. Sina njia ya kujua kama angeondoka iwapo jibu langu lingekuwa jingine, lakini swali lenyewe lisingeulizwa miaka ya nyuma.

Ukiacha suala la dawa, mwili wa mmea wenyewe unaweka mpaka pale pale. Mchicha uko katika kundi la mimea inayotengeneza chakula chake kwa namna ya mahindi na mtama, yaani hufanya vizuri kadiri jua linavyokuwa kali, na kivulini unanyong'onyea. Kufikia wiki ya tano Tanya huwa imeshapanuka, na mchicha uliobaki chini yake unakuwa na shina refu jembamba, majani yaliyopauka na nafasi kubwa kati ya jani na jani. Wakati huo huo nyanya inaanza kuchanua na mahitaji ya mazao haya mawili yanaachana. Mchicha unataka naitrojeni mfululizo. Nyanya iliyoshiba naitrojeni wakati wa kuchanua hujenga majani na kuangusha maua. Ndiyo maana napendelea samadi iliyooza iwekwe kwenye ukanda wa mchicha peke yake kabla ya kupanda, na mbolea ya CAN ya kukuzia mchicha, kama lazima iwepo, inyunyizwe kwa kiasi kidogo kwenye ukanda huo huo katika wiki ya pili, ili kinachobaki kiwe kimepungua nyanya zinapoanza kufunga. Ushindani wa maji nao si wa kupuuza: mchicha ulioachwa hadi nyanya zinafunga matunda huvuta maji ya juu kwa kasi, unyevu unapanda na kushuka kati ya zamu na zamu, na matokeo yake yanaonekana kama kuoza kitako kwenye matunda ya kwanza.

Kwa msimu, Madiira 1 katika mseto ni mbegu ya kiangazi chenye joto. Mwezi Agosti hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, ndiyo miezi yake. Juni na Julai baridi ya Meru inaichelewesha. Inaota kwa kusuasua na inafika siku ya 28 ikiwa haijafikia nusu ya ukubwa wake, na kalenda yote niliyoieleza inavurugika. Wakati wa masika sishauri mseto wa aina yoyote chini ya nyanya. Bakajani chelewa katika ukungu na mvua ya Aprili huenea kwa siku chache, hewa kati ya mistari inahitaji kupita bila kizuizi, na hakuna mkulima atakayekaa wiki nne bila kupiga dawa.

Nimezilinganisha na Madiira 1 mboga nyingine zinazouzwa kwenye rafu ile ile, nikitumia kipimo kile kile cha ujirani. Inayoikaribia zaidi ni chainizi, ambayo kwa Juni na Julai inaishinda kabisa: baridi haiisumbui, inavumilia kivuli chepesi, na inakuwa tayari kati ya wiki ya nne na ya sita, ingawa vidukari wanaipenda na hizo wiki mbili za mwisho zinaingia kwenye muda wa bomba. Loshuu, aina ya haradali inayoliwa majani, nayo ni ya baridi, ina nguvu, na wapenzi wake hapa Arusha hawahitaji kuhubiriwa. Tatizo lake ni kwamba ni kubwa, na isipopunguzwa mapema inaitawala nyanya badala ya kuishi nayo. Giligilani ndiyo iliyonishangaza. Inachukua nafasi ndogo, inaondoka ndani ya wiki tano au sita, na utafiti uliofanyika Brazil umeonyesha kwamba nyanya zilizochanganywa na giligilani hupata nzi weupe wachache zaidi. Soko lake tu ndilo dogo: mistari miwili inatosha mji mzima wa mama ntilie, wa kumi utakuozea.

Spinachi na sukuma wiki ni mboga za kuchumwa kwa miezi, na kwa sababu hiyo hasa naziondoa katikati ya nyanya na kuzipeleka pembezoni, upande ambao upepo unatoka, ambako bomba halizifikii kwa urahisi. Matembele na majani ya maboga hutambaa. Yatapanda juu ya nyanya kabla hujarudi kutoka msibani.

Mnavu ndio ninaoupinga moja kwa moja, na ninasema hivyo nikijua kwamba watu wengi wa hapa wanauthamini kuliko mchicha, na kwamba aina kama Nduruma na Olevolosi zina majani ya kujivunia. Mnavu ni wa ukoo mmoja na nyanya, pamoja na viazi mviringo, biringanya na ngogwe. Kanitangaze anautambua, utitiri mwekundu anauhamia na kurudi, minyoo fundo wanaishi kwenye mizizi yake, na mkulima anayeupanda katikati ya nyanya anakuwa amewajengea wadudu nyumba mbili zenye mlango mmoja. Muuzaji mmoja wa mbegu aliwahi kuniambia kwamba mnavu unafaa kwa kuwa “unatega” wadudu. Mtego ambao huuangamizi kabla wadudu hawajazaliana ni kitalu chao. Mnavu upewe shamba lake, na katika mzunguko wa mazao usifuate nyanya wala kuitangulia.

Chaguo la nyanya linaibadilisha pia Madiira 1 kwa kiasi fulani. Tanya, Cal J na Roma VF ni fupi, hupanuka chini na kufunga nafasi mapema, kwa hiyo mchicha hupata mwezi wake mmoja na si zaidi. Aina ndefu kama Moneymaker, zikisimamishwa kwenye vijiti na kuondolewa machipukizi na majani ya chini, huacha mwanga ukifika ardhini kwa muda mrefu, na mtu anaweza kujidanganya kwamba amepata mwezi wa pili wa mchicha. Mwanga upo, ni kweli. Dawa pia ipo, na vijiti vinahitaji mtu kupita kila wiki akifunga kamba, akikanyaga mstari ule ule uliopandwa. Nafasi ya pili ya kweli iko mwishoni kabisa, nyanya zinapobakiza michumo miwili, majani yamepukutika na bomba limeshatundikwa ukutani: hapo mbegu ya mchicha inaweza kumwagwa tena, na mabua ya nyanya yakitolewa kupelekwa kuchomwa, mchicha unabaki na shamba lote.

Kwa fedha, nitaeleza jinsi inavyokaa bila kutaja bei, kwa kuwa bei ya mboga Tengeru hugeuka kati ya Jumatano na Jumamosi. Mchicha wa kati ya mistari kwenye robo eka ulilipa mbegu zake zote mbili, yaani za mchicha na za nyanya, ukalipa vijiti vya upande wa nyanya ndefu, na ukabakiza kitu kidogo cha mafuta ya pampu. Haukulipa vibarua. Anayetegemea kwamba mchicha utagharimia msimu mzima wa nyanya atavunjika moyo. Anayetaka kupunguza deni la mwezi wa kwanza kwenye duka la pembejeo atapumua. Na kwa nyanya yenyewe sikuona upungufu wa mavuno pale mchicha ulipong'olewa kwa wakati. Kwenye mistari miwili ambayo tuliuacha makusudi hadi wiki ya saba ili kulinganisha, matunda ya vishada vya kwanza yalikuwa madogo na yenye kuoza kitako kwa wingi kuliko kwingine, na mchicha wenyewe ulikataliwa na wanunuzi kwa sababu ya shina.

Jambo la mwisho la kuzingatia kwa mnunuzi ni kwamba hii si mbegu chotara, kwa hiyo hakuna ulazima wa kurudi dukani kila msimu. Miche michache iliyo na nguvu inaweza kuachwa kwenye kona ya shamba, mbali na nyanya, ikatoa mashuke na kukauka, kisha mashuke yakapukuchwa juu ya turubai na mbegu kupepetwa. Mchicha hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini upepo hubeba chavua, na mchicha pori uko kila mahali kandokando ya mifereji. Asiyeung'oa karibu na kona yake ya mbegu ataanza kuona, baada ya misimu michache, majani madogo na mashuke ya mapema yakirudi. Mimi huweka akiba ya misimu miwili na kununua pakiti mpya kwa wa tatu, na huinunua mwezi Julai, wakati wengine hawajaanza kuitafuta na pakiti zilizoko rafuni hazijakaa muda mrefu.